Msiba wa Mabao Mawili

Jina la nchi hii halitatajwa hapa, na wala si kwa woga. Lilipelekwa kwenye kamati ya kulipitia upya mwaka ule mvua zilipobomoa daraja, na kamati bado inakaa. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo wa taifa, mawaziri wa kutosha, na timu moja ya mpira inayopendwa kuliko hivyo vyote vikiwekwa pamoja. Timu hiyo inaitwa Ngurumo.

Ngurumo ilikuwa timu kweli. Wazee wakikusimulia habari zake utadhani wanasimulia watu waliokuwa na miguu mitatu. Ilichukua ubingwa miaka saba mfululizo. Iliwafunga majirani wa kaskazini hapa nyumbani, ikawafuata kwao, ikawafunga tena, ikala chakula chao na kurudi. Kisha yakaikuta yale yanayolikuta kila jambo jema likipata viongozi wengi: ikaanza kufungwa. Ikafungwa na timu ya jeshi, ikafungwa na timu ya posta, ikafungwa na chuo cha ualimu ambacho siku hiyo kilikuwa na wachezaji tisa, kwa kuwa wawili walikuwa na mtihani. Kesho yake Mlezi wa timu, ambaye pia ndiye Mkuu wa Nchi, akauliza kwa upole kabisa, "Hivi, ni lazima matokeo yatangazwe kama yalivyo?"

Watu wakatafuta sheria inayolazimisha, hawakuiona. Ndipo ikaundwa Ofisi ya Matokeo, na tangu siku hiyo Ngurumo ikawa haifungwi tena. Wakati wa habari hii ulikuwa mwaka wa kumi na tisa. Matokeo ya Jumamosi huandaliwa Jumatano, hupigwa mhuri Alhamisi, na Ijumaa huachwa wino ukauke. Mpira wenyewe huchezwa Jumamosi ili kukamilisha taratibu. Wapinzani hawanung'uniki, maana hurudi makwao wakijua wanachokijua. Msimamo wa ligi una karatasi mbili, moja ya kubandikwa ukutani na moja ya kufungiwa kabatini, na maisha yanaendelea vizuri tu.

Aliyekuwa hana raha ni mtu mmoja, naye ndiye kocha.

*

Mwalimu Yasini Lukindo aliichezea Ngurumo ya miguu mitatu. Alikuwa beki wa kushoto, jezi namba tatu, na aliipenda namba hiyo hata binti yake wa kwanza akamwita Tatu, ingawa ndugu walimwonya kwamba hao wawili wa mwanzo watu watawatafuta. Goti la kulia lilimstaafisha mapema. Alipoitwa kuifundisha timu yake ya ujana, alilia kwa furaha. Misimu miwili baadaye alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, amebakiza mechi moja tu astaafu, na rekodi yake ilikuwa imening'inizwa kwenye ukuta wa klabu ndani ya fremu: mechi hamsini na tisa, ushindi hamsini na tisa.

Kwa hesabu ya moyoni mwake hakuwa ameshinda hata moja. Sare alizipata nne, na mojawapo ilitokana na mvua kubwa iliyofanya refa akimbie.

Huko nje kila mtu alimpa hongera. Kinyozi alimpa hongera, imamu alimpa hongera, dereva wa gari la taka alisimamisha gari akampa hongera. Mtu mmoja tu katika nchi nzima hakuwahi kumpa, naye ni mkewe, Mama Tatu. Kila Jumamosi jioni Mama Tatu alimtazama mumewe akiingia mlangoni, akauliza swali lilelile.

"Mmeshinda?"

"Redio imesema sita bila."

"Basi redio ikija nitaipikia."

Akaweka mezani ugali na kisamvu. Mama Tatu alikuwa ameapa, tangu siku mumewe alipopewa kazi, kwamba pilau itapikwa nyumba ile siku Ngurumo itakaposhinda kwa miguu. Mchele alishaununua, viungo vimo kwenye kopo lake juu ya kabati, na misimu miwili ilikuwa imepita bila kopo kufunguliwa. Mwalimu hakuchukia kisamvu. Alichochukia ni kukaa mbele ya sahani ile akiwa mwongo, na mwongo aliyeshiba.

Kwa hiyo alitaka jambo moja tu kabla hajastaafu. Hakutaka kombe wala sanamu. Alitaka ashinde mechi moja, kweli, aende nyumbani aulizwe swali lile, ajibu bila kutaja redio.

*

Shida ni kwamba alikuwa haruhusiwi kufundisha. Aliandika barua kuomba mazoezi ya ulinzi, kwa kuwa mabeki wake walikuwa wakiparamiana kama watu wanaotafuta kiatu gizani. Alijibiwa na Katibu wa klabu, Bwana Tegemeo, mtu mwembamba mwenye adabu ambaye hajawahi kuandika sentensi bila kuitafutia rejea.

"Rejea barua yako ya tarehe tisa," aliandika Bwana Tegemeo. "Uongozi umeshangazwa. Timu ambayo haijaruhusu bao kwa miaka kumi na tisa haina tatizo la ulinzi. Mwalimu anayeomba mazoezi ya ulinzi ni sawa na mgeni anayefungua mwavuli sebuleni kwa mwenyeji wake. Anataka kusema paa linavuja? Tafadhali tafakari na uwe na wakati mwema."

Akaomba kocha wa makipa. Akajibiwa kwamba golikipa, kijana mrefu aitwaye Chamwela, alishatunukiwa Nishani ya Taifa ya Lango Safi, na asiyekuwa na nishani hawezi kumfundisha mwenye nayo. Nishani yenyewe ilikuwa ya shaba, upana wa kisahani cha chai, na Chamwela alitakiwa kuivaa kila mechi. Akiruka inampiga kidevuni. Kwa hiyo alikuwa ameacha kuruka, na mipira ya pembeni aliitazama tu ikipita, kwa heshima.

Hapo mwalimu akakata tamaa kabisa. Alikata tamaa siku tatu. Siku ya nne ikaja barua nyingine ya Bwana Tegemeo, hii ikiwa na mhuri mwekundu: mechi ya mwisho, dhidi ya Machimboni, Mlezi atahudhuria mwenyewe. Wachezaji wahakikishe wananyoosha migongo, wanatembea kwa mstari, na wasionekane wakihema.

Mwalimu Lukindo aliisoma barua ile mara mbili. Neno "mstari" akalisoma mara tatu. Kisha akachukua kalamu.

"Kwa heshima na taadhima," akaandika, "naomba kibali cha mazoezi ya gwaride."

*

Kibali kilitoka kabla ya chakula cha mchana. Waliongeza na sajini kutoka bendi ya jeshi, Sajini Mapalala, mwenye filimbi na sauti ya kuamsha mtaa. Uongozi ulifurahi mno. Bwana Tegemeo aliandika kwamba hatimaye mwalimu ameelewa maana ya soka.

Kwa wiki mbili mabeki wanne wa Ngurumo walipiga kwata. Walisimama kwa mstari, wakapeana nafasi ya hatua kumi, wakaambiwa wasiangalie kitu kingine isipokuwa mwenzao wa kulia. Filimbi ikilia, wanne kwa pamoja mbele hatua tano. Ikilia tena, wanne kwa pamoja nyuma hatua tano. Baada ya siku nne mwalimu akamwomba Sajini Mapalala asipulize filimbi, bali wachezaji wa akiba wapige mpira mrefu kutoka katikati, na mguu ukiugusa tu mpira, gwaride lisonge mbele.

"Ya nini mpira, mwalimu?" aliuliza Sajini.

"Mlezi anapenda mpira, Sajini. Atafurahi kuuona ukipita juu ya gwaride."

Sajini akaona ni wazo zuri. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba alikuwa akifundisha mtego wa kuotea, mtego mkongwe kuliko nchi yenyewe, ambao Ngurumo ya zamani iliutumia kuwaaibisha majirani wa kaskazini. Mshambuliaji anajiona amebaki peke yake na kipa, anageuka kushangilia, kumbe kibendera kimeinuliwa zamani.

"Hawa wa nyuma wamekuwa askari," alisema Sajini siku ya mwisho, machozi yakimlengalenga. "Ningewachukua jeshini leo hii."

"Niachie mpaka Jumamosi," mwalimu akamwambia.

Kuhusu Chamwela, mwalimu alipeleka ombi fupi kwamba nishani ikang'arishwe kwa heshima ya Mlezi. Ikachukuliwa Ijumaa na sonara, na sonara, kama masonara wote, akaahidi kuimaliza Jumatatu.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Mlezi alifika, akapunga mkono, akalala usingizi kidogo nyuma ya miwani yake myeusi. Mwenyekiti wa klabu, Mheshimiwa Kasimbazi, mtu mnene wa mwili na wa maneno, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo hatukuja kubahatisha. Watu wa nchi nyingine huenda uwanjani wasijue kitakachotokea, wakarudi na mapigo ya moyo. Sisi tumeondoa tatizo hilo. Leo tumekuja kushuhudia jambo ambalo tayari limeshatokea!"

Kwa kweli lilikuwa limeshatokea tangu Jumatano, tano bila, na mhuri ulikuwa mkavu. Wananchi wakapiga makofi, kwa sababu karibu na lango la kusini palikuwa na mtu mwenye ubao mkubwa ulioandikwa PIGENI MAKOFI. Upande wa pili uliandikwa SHANGILIENI, nao ulikuwa na ratiba: dakika ya ishirini, ya arobaini na ya sabini na tano.

Mpira ukaanza. Machimboni walikuwa vijana wenye mapaja kama magogo, na kwa mujibu wa karatasi ya kabatini ndio waliokuwa wakiongoza ligi. Dakika ya tatu wakapiga mpira mrefu. Mabeki wanne wa Ngurumo, kwa nidhamu ambayo ingemliza mama wa Sajini, wakasonga mbele hatua tano. Kibendera kikainuka. Dakika ya sita, kibendera. Dakika ya tisa, kibendera. Kufikia mapumziko mshika kibendera alikuwa amebadilisha mkono mara mbili na nahodha wa Machimboni alikuwa anagombana na watu wake mwenyewe.

Bao lilikuja kati ya hapo, dakika ya thelathini na tatu. Halikuwa zuri. Mpira wa kona uligonga goti la mtu, ukagonga bega la mwingine, ukajisogeza wenyewe wavuni kwa aibu. Uwanja wote ukanyamaza. Dakika ya thelathini na tatu haikuwamo kwenye ratiba. Watu wakamtazama mwenye ubao, mwenye ubao akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatazama saa yake.

Ndipo mama mmoja muuza karanga, pale nyuma ya lango, akaweka sinia lake chini, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kimoja tu, kirefu. Baada yake uwanja ukalipuka. Watu wasiofahamiana wakakumbatiana. Wazee wakarusha kofia na hawakuzitafuta tena. Mwenye ubao akautupa ubao, akaonekana juu ya mabega ya polisi. Mlezi akaamka, akauliza kama ni mapinduzi, akaambiwa ni bao.

"Wanashangilia nini hawa?" Mwenyekiti Kasimbazi alimwuliza Katibu.

"Bao, Mheshimiwa."

"Wiki iliyopita tuliwapa mabao sita. Mbona walikuwa wanatafuna karanga?"

Bwana Tegemeo alifungua faili lake kutafuta rejea, akalifunga.

Bao la pili lilikuja dakika ya themanini. Chamwela, akiwa mwepesi bila shaba kifuani, aliruka kwa mara ya kwanza tangu atunukiwe, akaudaka mpira, akautupa mbele, na sekunde saba baadaye ulikuwa wavuni upande wa pili. Mwalimu Lukindo alisahau goti lake. Alikimbia ukingoni mwa uwanja kama kijana mwenye jezi namba tatu, akaanguka, akainuliwa na watu, na hawakumshusha tena. Filimbi ya mwisho ilipolia walimzungusha uwanja mzima wakiimba, na walichokuwa wakiimba kilisikika mpaka chumba cha wageni wa heshima: "Tumeshinda! Safari hii kweli! Safari hii kweli!"

*

Kamati ilikaa palepale, katika chumba cha wageni wa heshima, huku madirisha yakitetemeka.

"Neno 'kweli' limetamkwa mara ngapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tuliacha kuhesabu, Mheshimiwa."

"Mnaona hatari yake? Tukiutangaza ushindi huu, watalala barabarani wakicheza ngoma. Na mtu akicheza ngoma namna hii kwa mbili bila, kesho mtoto wake atamwuliza mbona hakucheza kwa sita bila."

Mjumbe mmoja akapendekeza itangazwe sare, akaulizwa sare ya nani. Mwingine akapendekeza waizimie nchi umeme. Mwishoni Bwana Tegemeo akainua mkono, kwa adabu yake ileile.

"Waheshimiwa, watu hushangilia ushindi. Hakuna anayeshangilia kufungwa. Tukitangaza kwamba tumefungwa, watarudi majumbani."

Lilikuwa wazo la kutisha, na hakuna aliyekuwa na jingine. Hivyo ndivyo Ngurumo ilivyofungwa kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, siku iliyoshinda.

Palibaki taratibu. Timu ikifungwa lazima kocha afukuzwe, na klabu haikuwa na mfano wa barua ya namna hiyo. Ilikuwa na mfano mmoja tu, ule wa pongezi, uliochapwa kwa maelfu. Karani akaambiwa atumie huohuo na abadilishe panapohusika. Naye, kwa haraka, kila palipoandikwa "hongera" akakata na kuandika "pole," na kila palipoandikwa "ushindi" akaandika "kufungwa," akapiga mhuri, na nakala akaipeleka redioni.

Bwana Tegemeo alimkabidhi mwalimu barua yake nje ya lango. Hakuthubutu kumtazama.

"Mwalimu, umefungwa. Mbili bila."

"Nimefungwa na nani?"

"Na Machimboni."

"Wenyewe wanajua?"

"Wanaandikiwa."

*

Mwalimu Lukindo alienda nyumbani kwa miguu, goti likimkumbusha kila hatua. Aliumia, na si kidogo. Makocha kumi na wawili walikuwa wamepita Ngurumo tangu Ofisi ya Matokeo ianze, na katika kitabu cha klabu wote waliandikwa washindi. Yeye peke yake, aliyeshinda, ndiye atakayeandikwa ameshindwa. Wajukuu wa Tatu watakisoma kitabu hicho. Alijiona mjinga. Angekula kisamvu chake kwa amani wiki moja zaidi, angestaafu na fremu yake ukutani.

Alipokata kona ya mtaa wake akasimama. Pua yake ilikuwa imesikia kitu. Akadhani ni goti linampandisha homa.

Barabara ilikuwa imetandazwa mikeka kutoka kona hadi kona. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba yake. Wanawake walikuwa wameinamia masufuria makubwa ya kukodi, na kopo la viungo la Mama Tatu lilikuwa wazi, tupu, limelala upande juu ya jiwe. Watu walikuwa mamia, kimya, nyuso zimeinama, kanga vichwani. Mabega yao tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

Kumbe redio ilikuwa imeisoma barua yote, neno kwa neno, mpaka aya ya mwisho, ile ambayo karani alibadilisha maneno mawili tu: "Kufuatia kufungwa huku kwa kihistoria, wananchi wote wanaombwa kujitokeza kwa wingi nyumbani kwa mwalimu, pamoja na familia zao, kumpa pole."

Watu wa nchi hiyo ni watiifu. Na msiba, kama ujuavyo, hauliwi kisamvu.

Walipanga foleni. Kinyozi akampa pole. Imamu akampa pole, akauma mdomo wa chini. Basi la Machimboni likasimama, wachezaji wakashuka, na nahodha wao akamshika mwalimu mkono kwa masikitiko makubwa. "Tumekufungeni vibaya sana, mzee," alisema. "Hasa lile la pili." Nyuma yao alikuja mtu mnene aliyejifunika kofia hadi puani. Mwalimu alimtambua kwa tumbo. Mheshimiwa Kasimbazi alimwinamia sikioni.

"Lile la pili," alinong'ona, "niliruka. Nilikuwa nimekaa, lakini niliruka. Mara ya mwisho kuruka nilikuwa na nywele." Kisha akapaza sauti, "Pole sana, mwalimu!" akaenda kutafuta sahani.

Serikali haikulala. Ilimtuma Koplo Nditi akahakikishe kwamba mkusanyiko ule si wa shangwe. Koplo akafika na daftari, akasimama katikati ya mkeka, akatazama.

"Hapa mnafanya nini?"

"Tunaomboleza, afande," mtaa mzima ukajibu.

Mama Tatu akatoka ndani akiwa na sinia. Akamtazama mumewe kama alivyomtazama kila Jumamosi kwa misimu miwili, na mbele ya koplo, mbele ya daftari, akauliza.

"Mmeshinda?"

Mwalimu Lukindo akaitazama ile barua mkononi, akamtazama mkewe.

"Tumefungwa, Mama Tatu. Mbili bila. Redio imesema."

"Basi," alisema mkewe, akaweka sinia mbele yake, pilau imepanda kichuguu na paja zima la kuku juu yake. "Kula, mume wangu. Pole."

Akala tonge moja, la pili akalirudisha. Machozi yakamtoka mwanaume yule mbele za watu, yakamtiririka mpaka kwenye sinia, na hakujali kuyafuta.

Koplo Nditi alipewa kigoda na sahani yake. Alipomaliza ya pili alifuta vidole, akafungua daftari, akaandika taarifa ambayo mpaka leo imo kabatini pamoja na ile karatasi nyingine: "Nimefika, nimehakiki. Hakuna shangwe. Msiba ni wa kweli, mfiwa mwenyewe amelia hadi kashindwa kumaliza kuku."